Lango la kununulia vitabu vya kielektroniki: tathmini ya mkutubi wa uagizaji

Huduma ninayoitathmini hapa ni lango la mtandaoni ambalo maktaba ya chuo huingia ili kuchagua, kuagiza na kulipia vitabu vya kielektroniki vya wachapishaji wengi kwa pamoja. Lango hilo linauzwa na wakala wa kigeni mwenye mwakilishi wake hapa Nairobi. Jina la wakala sitalitaja, kwanza kwa sababu mkataba wetu naye haujakwisha, na pili kwa sababu sehemu kubwa ya sifa na kasoro nitakazozieleza hazimhusu yeye peke yake, bali ni za biashara nzima ya vitabu vya kielektroniki kama inavyoendeshwa sasa. Ninawaandikia hasa wakutubi wenzangu wanaoletewa pendekezo la aina hii na kuambiwa, kama tulivyoambiwa sisi, kwamba wakishaingia kwenye lango hawatahitaji tena kitengo cha uagizaji wa vitabu.

Kwa asiyeijua kazi hii, uagizaji wa vitabu katika maktaba ya chuo nchini Kenya ulikuwa, na kwa vitabu vya karatasi bado uko, safari ndefu ya makaratasi. Idara huleta orodha ya vitabu inavyovitaka, mara nyingi ikiwa na matoleo yaliyopitwa na wakati na majina ya waandishi yaliyoandikwa kwa kukisia. Mkutubi huisafisha orodha hiyo, huilinganisha na katalogi ili chuo kisinunue mara ya pili kitabu ambacho kiko rafuni, huomba bei kwa wauzaji waliosajiliwa, hupeleka majibu kwa idara ya ununuzi, husubiri LPO (hati rasmi ya kuagiza), kisha husubiri shehena. Vitabu vikifika huhesabiwa, hulinganishwa na ankara, hupigwa mhuri, hupewa nambari na kupelekwa kwa wanaokatalogi. Si ajabu kitabu kilichoombwa Septemba kikawasili wakati mwanafunzi aliyekihitaji amekwisha kufanya mtihani wa mwisho wa muhula.

Kwa upande wa kasi, basi, lango linastahili sifa bila kigugumizi. Unaipakia orodha nzima ya idara kwa nambari za ISBN, na baada ya muda mfupi unarudishiwa jedwali linaloonyesha kila kitabu, toleo lake la karibuni, bei, na alama ya kijani mbele ya kile ambacho maktaba tayari inakimiliki. Kazi hiyo ya kulinganisha na katalogi ilikuwa ikimshughulisha karani kwa siku nyingi, na bado yakapita makosa. Rekodi za MARC, yaani maelezo ya kitabu yaliyopangwa kwa ajili ya katalogi, huja pamoja na kitabu na kuingia moja kwa moja katika Koha, programu huria iliyoanza kutumika nchini New Zealand mwaka 2000 na ambayo leo inaendesha maktaba nyingi za vyuo vyetu. Mhadhiri wa uuguzi alituandikia asubuhi moja akiomba toleo jipya la kitabu cha famakolojia. Agizo la jumla lilikuwa limeshaidhinishwa mwanzoni mwa mwaka wa fedha, kwa hiyo kufikia alasiri wanafunzi wake walikuwa wakikisoma. Aliyezoea kusubiri shehena hawezi kulidharau jambo hilo.

Mambo huanza kubadilika unapobofya kichwa cha kitabu ili ukinunue. Hapo unaletewa safu tatu za bei: mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja, watumiaji watatu, na watumiaji bila kikomo. Safu ya tatu mara nyingi huwa tupu, hasa kwa vitabu vya kiada ambavyo ndivyo wanafunzi wanavihitaji zaidi, kwa maana mchapishaji anajua kwamba nakala moja isiyo na kikomo ingemkosesha wanunuzi mia mbili. Safu ya watatu huwa imezidi ya kwanza kwa karibu nusu. Mkutubi asiye mzoefu huvutwa na bei ya safu ya kwanza, akanunua, na taarifa ya kila mwezi ya lango ikaja kumwonyesha majaribio ya kukifungua kitabu yaliyokataliwa kwa sababu mtu mwingine alikuwa amekwisha kukifungua. Kwetu majaribio hayo hurundikana usiku wa kuamkia CAT, mtihani wa katikati ya muhula. Ni taarifa nzuri sana, kwa kweli, na rafu ya mbao haikuwahi kutuambia ni wanafunzi wangapi walifika wakakuta pengo. Lakini kuwa na takwimu ya wanafunzi waliokosa kitabu si sawa na kuwapa kitabu.

Chini ya bei kuna mstari mwembamba ambao mwakilishi hakutuonyesha siku ya maonyesho, nao ndio ulio na uzito kuliko yote. Unaeleza kama unachonunua ni haki ya kudumu, au ya mwaka mmoja, au ya idadi fulani ya maazimo. Wakutubi wa maktaba za umma nchini Marekani walilionja jambo hili mapema: mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins iliamua kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26, maktaba lazima ikinunue upya. Wakati huo wengi wetu huku tuliyaona kama mambo ya mbali. Februari 2025, kampuni ya Clarivate, ambayo ndiyo mmiliki wa ProQuest, muuzaji wa vitabu vya kielektroniki kwa maktaba, ilitangaza kwamba itaacha kuziuzia maktaba vitabu kwa malipo ya mara moja, na badala yake itauza usajili wa kulipiwa kila mwaka. Wakutubi katika nchi mbalimbali walipinga kwa sauti kubwa, na kampuni ikausogeza mwisho wa mauzo ya kudumu hadi tarehe 30 Juni 2026. Kwa mkutubi wa Kenya tarehe hiyo haihitaji kuandikwa ukutani, kwa maana ndiyo inayofunga mwaka wa fedha wa serikali, na ndiyo ambayo bajeti yoyote isiyotumika hurudi ilikotoka.

Wakala wetu bado anauza haki ya kudumu kwa vitabu vingi, ingawa idadi yake kwenye jedwali inaonekana kupungua. Tukauliza: kudumu maana yake nini iwapo lango lenyewe litafungwa? Jibu la mkataba ni kwamba maktaba itapewa faili, kwa gharama yake yenyewe, endapo mchapishaji ataruhusu. Sharti hilo lenye masharti ndani yake halinitoshelezi. Ziko njia bora zaidi, mojawapo ikiwa mpango wa LOCKSS ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999, ambamo maktaba nyingi huhifadhi nakala zilezile katika kompyuta zao ili moja ikipotea nyingine ziokoe. Mchapishaji aliyejiunga na mpango wa aina hiyo ananipa sababu ya kumwamini. Asiyejiunga, namhesabu kuwa ananikodisha hata akiita biashara yake mauzo.

Suala la fedha lina pande mbili, na zote mbili lango halizigusi. Upande wa kwanza ni sarafu. Bajeti ya maktaba hupangwa kwa shilingi, nayo ankara ya lango huja kwa dola. Kitabu cha dola 100 ambacho kingetugharimu takriban shilingi 12,300 Januari 2023 kilikaribia shilingi 16,000 mwaka mmoja baadaye, kisha kikashuka kwenye shilingi 13,000 kufikia katikati ya mwaka 2024, ilhali mchapishaji hakuwa amegusa bei yake hata kidogo. Anayeagiza vitabu vya karatasi kwa muuzaji wa Nairobi hupata bei ya shilingi iliyofungwa kwa muda fulani, na hasara ya sarafu ikitokea katika kipindi hicho muuzaji huibeba. Kwenye lango inabebwa na maktaba. Sisemi hivyo kwa kuitetea karatasi, ambayo nayo ilibebeshwa mzigo wa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na Sheria ya VAT ya mwaka 2013. Ninasema tu kwamba bei inayoonekana kwenye skrini haitoshi kwa mtu anayepanga bajeti.

Upande wa pili ni namna ya kulipa. Wakala hupendelea maktaba iweke fedha kwake mwanzoni mwa mwaka, kisha kila ununuzi ukatwe humo, na kwa kufanya hivyo hutoa punguzo. Idara yetu ya fedha ilikataa, nami nilikubaliana nayo. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kwa kawaida haitaki malipo yatangulie bidhaa, na historia ya biashara yetu inaonyesha kwa nini. Swets, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa wakala wa majarida kwa maktaba nyingi duniani, ilifilisika mwaka 2014, na maktaba zilizokuwa zimelipa usajili mapema zikapoteza fedha bila kupata majarida. Oktoba 2025 Baker & Taylor, msambazaji wa vitabu kwa maktaba za Marekani aliyeanza biashara mwaka 1828, alitangaza kwamba anafunga. Ikiwa kampuni iliyoishi karibu miaka mia mbili inaweza kuondoka sokoni kwa tangazo la ghafla, punguzo la asilimia chache halitoshi kunishawishi nimkabidhi wakala bajeti ya mwaka mzima.

Kipengele kinachosifiwa zaidi na mwakilishi ni ununuzi unaoongozwa na msomaji. Maktaba hupakia katika katalogi yake rekodi za maelfu ya vitabu ambavyo haijavinunua. Mwanafunzi anatafuta, anakiona kitabu, anakifungua kana kwamba ni cha maktaba, na akikisoma kupita muda fulani, au akinakili ukurasa, mfumo unakata fedha na kitabu kinakuwa cha maktaba. Msomaji hajui kwamba amenunua chochote. Hoja ya kimsingi ni nzuri: vitabu vingi vilivyochaguliwa na wakutubi na wahadhiri huzeeka rafuni bila kuazimwa hata mara moja, na hapa kila shilingi inakwenda kwa kitabu ambacho angalau mtu mmoja amekihitaji.

Tulikijaribu kipengele hiki kwa fungu dogo, na fungu hilo likaisha kabla ya nusu ya muhula. Nilipoitazama orodha ya vilivyonunuliwa, nilikuta kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambao ndio wengi, walikuwa wamefungua vitabu vya utangulizi vya somo lilelile, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa dakika chache, wakitafuta aya ya kunukuu katika insha moja iliyoagizwa na mhadhiri mmoja. Tukawa na vitabu vinane vya utangulizi wa usimamizi wa rasilimali watu, na hatukuwa na hata kimoja cha mwanafunzi wa uzamifu anayetafiti chumvi katika maji ya visima, kwa kuwa yeye alikuwa peke yake na hakukifikia kitabu chake kabla fungu halijaisha. Mfumo ulifanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni mtu wa kuuwekea mipaka: kuondoa somo lililokwisha kutoshelezwa, kuweka bei ya juu isiyopitwa, kutenga fungu la watafiti. Mwakilishi alipokuja kutuuliza tumeonaje, alishangaa kwamba tulikuwa tumewaita wakutubi wawili wa kitengo kilekile alichosema hakitahitajika, wakae naye kulipanga upya. "Madam, wateja wengine huwa wanaliacha lijiendeshe lenyewe," akaniambia. Sina shaka huwa wanaliacha, na bila shaka wakala hajawahi kuwashauri vinginevyo.

Takwimu za matumizi zimepangwa kwa kufuata COUNTER, kanuni za pamoja za kuhesabu matumizi ya machapisho ya kielektroniki, kwa hiyo zinalinganishika na za wauzaji wengine, na kugawanya bei kwa idadi ya matumizi ni kazi ya dakika. Hapo sina la kulalamikia.

Ninalo kuhusu simu. Mwanafunzi wetu wa kawaida anaishi Rongai, Githurai au Kahawa, na anasoma kwa simu kwa kutumia bando alilonunua kwa M-Pesa. Lango linamtaka, kama anataka kukisoma kitabu bila intaneti, aweke programu nyingine ya kufungulia faili zilizofungwa, ajisajili kwa barua pepe, kisha apate faili ambalo litajifunga baada ya siku chache. Wengi huishia njiani. Kusoma moja kwa moja kwenye kivinjari kunawezekana, lakini kila ukurasa huja kama picha, na bando huisha. Chuoni kwenyewe, ambako intaneti ni ya kuaminika, tatizo hilo halipo, na ndiyo maana siku ya maonyesho halikuonekana. Kwa upande huohuo wa usajili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tujue taarifa za wanafunzi wetu zinakwenda wapi na kwa kusudi gani; lango linakusanya jina, barua pepe na historia ya kila ukurasa uliosomwa, na kiambatisho cha mkataba kinachohusu jambo hilo kiliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine kabisa. Kirekebishwe kabla ya kutiwa sahihi, si baada.

Sasa nifikie pengo kubwa kuliko yote. Tulipakia kwenye lango orodha ya idara ya Kiswahili, na jedwali likarudi karibu tupu. Riwaya, tamthilia na diwani zinazofundishwa katika vyuo vyetu hazimo. Tukapakia orodha ya historia ya Kenya: vilirudi vitabu vilivyochapishwa London na Marekani kuhusu Kenya, vizuri vingi vyavyo, lakini vya wachapishaji wa Nairobi vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Mtu anayelitegemea lango peke yake atajenga, bila kukusudia, maktaba inayoijua nchi hii kwa macho ya watu wa nje.

Vitabu hivyo vipo, tena vipo karibu. Kenya Literature Bureau iko Popo Road, South C. Jomo Kenyatta Foundation iko Enterprise Road. Longhorn iko Funzi Road katika Eneo la Viwanda. Text Book Centre imekuwa ikiuza vitabu mjini tangu mwaka 1964. Kila Septemba kuna Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi katika Sarit Centre, ambako mkutubi mwenye orodha nzuri hukutana na wachapishaji wengi kwa siku moja kuliko atakaowapata kwa barua pepe mwaka mzima. Zaidi ya hao kuna waandishi wanaojichapishia wenyewe, ambao vitabu vyao vinauzwa kwa WhatsApp, vinalipiwa kwa M-Pesa na kuletwa na bodaboda. Kwa vyombo vya ununuzi vya chuo mwandishi wa namna hiyo hayupo: hana cheti cha kodi kinachohitajika, hajasajiliwa kuwa muuzaji, na ankara yake ni ujumbe wa simu. Lakini vingi vya vitabu hivyo, hasa kumbukumbu za maisha na historia za maeneo, havitachapishwa mara ya pili, na maktaba isiyokichukua kitabu mwaka huu haitakipata tena. Sisi tumeafikiana na duka moja la vitabu lililosajiliwa liwe linavikusanya na kutuuzia kwa ankara halali, kwa faida ndogo. Ni utaratibu wa kuchosha, na hakuna lango lolote linaloufanya.

Kuna pia machapisho yasiyouzwa na yeyote. Nairobi ni mji wa ripoti. Mashirika ya Gigiri na Upper Hill, miradi ya wafadhili, wizara na taasisi za utafiti hutoa kila mwaka machapisho ambayo wanafunzi wetu huyanukuu kuliko vitabu. Machache yana makao ya kudumu: sheria na Gazeti Rasmi la Serikali hupatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na tafiti za Shirika la Kitaifa la Takwimu hupakuliwa bila malipo. Mengi hayana. Mradi unakwisha, tovuti yake haikulipiwa, na ripoti iliyonukuliwa katika tasnifu kumi haionekani tena popote. Kuipata ripoti kama hiyo ingali hai, kuomba ruhusa kwa maandishi, kuihifadhi katika hazina ya kidijitali ya chuo inayoendeshwa kwa programu ya DSpace na kuifanyia katalogi ni kazi ya uagizaji kwa kila hali, isipokuwa kwamba hakuna ankara. Na kwa kuwa hakuna ankara, menejimenti haioni kwamba kuna kazi iliyofanyika. Kama kuna mahali pa kutazama mustakabali wa kitengo chetu, mimi natazama hapo, pamoja na kwenye meza ya kusomea mikataba.

Hiyo meza ya mikataba si utani. Karani aliyekuwa akilinganisha shehena na ankara sasa analinganisha orodha ya vitabu tulivyolipia na vile vinavyofunguka kweli, na hugundua vilivyotoweka kimyakimya kwa sababu mchapishaji amemwondolea wakala haki ya kuviuza. Lango halitoi taarifa ya vilivyoondolewa mpaka uiombe. Moduli ya Koha ya kusimamia rasilimali za kielektroniki, iliyoongezwa katika toleo la Novemba 2022, inatuwezesha kuandika tarehe za mikataba, masharti ya leseni na siku ya mwisho ya kutoa notisi, na imetuokoa na mikataba inayojihuisha yenyewe usipokuwa macho. Tumelazimika kujifunza kusoma vifungu vya sheria ya nchi ambayo mkataba umefungwa chini yake, mipaka ya kunakili, na haki ya kuiazima maktaba nyingine sura moja. Hayo hayakuwemo katika masomo yetu ya ukutubi, na vyuo vinavyofundisha fani hii vingefanya vyema kuyaingiza.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote kwa lango la aina hii, mkutubi aangalie kwanza alicho nacho tayari. Muungano wa maktaba nchini, KLISC, ulioanzishwa mwaka 2003, hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama wake na kugawana gharama za majarida na vitabu vya kielektroniki. Mpango wa Research4Life, ambao sehemu yake ya kwanza, Hinari, ilianza mwaka 2002, hutoa machapisho ya afya, kilimo, mazingira na mengineyo bure au kwa bei ndogo kwa taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati. Ufikiaji huria nao umepanuka mno, na saraka ya DOAJ huwasaidia wasomaji kuyatenga majarida huria ya kweli na yale yanayoishi kwa kuwatoza waandishi bila kuhakiki chochote. Tulipoilinganisha orodha yetu na vyanzo hivyo, tulikuta vitabu ambavyo wakala alikuwa akituuzia ilhali mchapishaji mwenyewe amevitoa huria. Wakala hakuvunja sheria yoyote. Alikuwa anauza tu, na mnunuzi ndiye mwenye jukumu la kujua.

Hukumu yangu ni kwamba lango linafaa kwa chuo chenye kozi za afya, uhandisi, kompyuta au biashara, ambako vitabu vya kigeni hubadilika upesi na toleo la jana ni hasara. Huko hakuna njia nyingine iliyo na kasi kama hii. Kwa sheria za Kenya, Kiswahili, historia, elimu ya jamii na chochote kinachochapishwa hapa, lisitegemewe. Ununuzi unaoongozwa na msomaji usifunguliwe bila mtu wa kuusimamia kila wiki. Na chuo kinachofikiria kulipia lango kwa mishahara ya kitengo cha uagizaji kitambue kwamba saa za kazi hazikupungua kwetu. Zimehamia kwenye mambo ambayo mwakilishi hayataji katika pendekezo lake.

Katika mazungumzo ya kuuhuisha mkataba tumeomba mambo matatu. Bei ya shilingi ifungwe kwa muhula mzima, jambo ambalo wakala amelikubali kwa vitabu vya kiada pekee. Orodha ya vitabu vilivyoondolewa itumwe kila mwezi bila kuombwa, na hilo amelikubali lote. La tatu ni kwamba kwa kila kitabu kilicholipiwa kama cha kudumu maktaba ipewe faili lake lango likifungwa, bila gharama ya ziada na bila kungoja ridhaa ya mtu mwingine. Hilo limepelekwa makao makuu ya wakala, na idara ya sheria ya chuo imetushauri tusitie sahihi kabla jibu halijaja kwa maandishi.